Gesti iko Matema, pini iko Mwanjelwa: kuiweka biashara ya mbali sawasawa kwenye ramani

Mgeni ametoka Dar es Salaam na gari lake, kapita Iringa na Makambako, kafika Uyole saa 11 jioni. Anaandika kwenye simu jina la gesti aliyoagiza chumba, iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ramani inamwambia imebaki safari fupi tu. Anafuata mshale na kujikuta katikati ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, mbele ya maduka ya vipuri. Gesti yenyewe iko Matema. Aliyeiandikisha aliichomeka pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani, mjini akitumaini itaonekana na watu wengi zaidi.

Kwa biashara zilizo mbali na lami, hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo ghali kuliko yote. Mjini pini ikipotoka mita 80, mteja huuliza mtu wa pembeni na kufika. Milima ya Rungwe, mashamba ya Mufindi au barabara ya Ruaha haimsamehei hivyo: mita 80 zaweza kumweka ng'ambo ya bonde, giza limeingia na simu haishiki. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye pini na njia ya mwisho, kisha unapita haraka kwenye picha na maoni ya wateja.

Anza kwa kusimama getini

Usiweke pini ukiwa mjini kwa kukisia kwenye picha ya satelaiti. Nenda mahali penyewe na simu janja. GPS haihitaji bando, kwa kuwa simu husoma satelaiti moja kwa moja. Ila pasipo na data, usomaji wa kwanza waweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Simama getini, pale gari linapoingilia. Usisimame chini ya bati, wala chini ya mikaratusi au misonobari iliyosongamana, wala usiegemee ukingo wa mlima, maana vyote hivyo huficha sehemu ya anga. Fungua Google Maps. Nukta ya buluu huzungukwa na duara hafifu linaloonyesha kiasi cha mashaka ya simu kuhusu mahali ulipo. Subiri duara lisinyae mpaka likaribie kutoweka. Kisha bonyeza na kushikilia juu ya nukta hiyo, namba mbili zitatokea: ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Ziandike kwenye daftari zikiwa na tarakimu 5 baada ya nukta.

Rudia asubuhi, mchana na jioni. Tarakimu ya nne baada ya nukta ni sawa na mita 11 hivi, na ya tatu ni kama mita 110. Vipimo vyako vitatu vikitofautiana kwenye tarakimu ya nne, hakuna neno. Vikitofautiana kwenye ya tatu, kuna kitu kinaziba anga; sogea mahali pa wazi upime upya.

Namba hizi huharibika zinapoandikwa upya kwa mkono, na huharibika kwa namna tatu zinazojulikana.

Ya kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo huanza na alama hiyo. Jiji la Mbeya liko karibu na -8.90, 33.45. Ukiandika 8.90, 33.45 umempeleka mteja Sudan Kusini.

Ya pili ni kugeuza mpangilio. Ukianza na longitudo ukaandika 33.45, -8.90, pini huangukia baharini, mbali kidogo na pwani ya Moroko.

Ya tatu huwapata wanaotumia vifaa vya GPS vya mkononi, ambavyo mara nyingi huonyesha digrii na dakika. Digrii 8 na dakika 54 si 8.54. Gawa dakika kwa 60: 54 kwa 60 ni 0.90, hivyo jibu ni 8.90. Kosa hilo peke yake husogeza pini kilomita 40.

Plus Code, na mtego wa msimbo mfupi

Namba ndefu ni ngumu kumsomea dereva kwenye simu. Plus Code hurahisisha: ni msimbo wa herufi na tarakimu 10, wenye alama ya kujumlisha katikati, unaotaja kipande cha ardhi chenye ukubwa wa takriban mita 14 kwa 14. Hautozwi pesa na hauhitaji kijiji kiwe na mitaa yenye majina. Utauona ukibonyeza na kushikilia mahali kwenye Google Maps.

Google hupenda kuonyesha umbo fupi, yaani herufi nne za mwanzo zinaondolewa na jina la mji linawekwa mwishoni. Hapo ndipo wa mbali wanapoumia. Herufi nne zilizoondolewa ndizo zinazotaja eneo kubwa la digrii moja kwa digrii moja. Mbeya mjini ni 6G3M, Tukuyu ni 6G2M, Matema ni 6G2P, Iringa mjini ni 6G4Q. Umbo fupi hufanya kazi pale tu ambapo mji uliotajwa haujapita nusu digrii, yaani kama kilomita 55 kwenda kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Matema imeupita mpaka huo kutoka jiji la Mbeya. Ukichukua msimbo mfupi wa Matema ukaubandikia neno Mbeya, simu itauchora kaskazini-magharibi ya jiji, upande wa bonde la Rukwa, zaidi ya kilomita 150 kutoka ufukweni.

Kwa hiyo kwenye kadi, kwenye WhatsApp na kwenye kibao andika msimbo mzima wa herufi 10. Ukilazimika kutumia mfupi, taja mji ulio jirani kweli, kama Kyela kwa mtu wa Matema.

Gari linafika wapi hasa?

Pini sahihi haitoshi. Programu ya ramani ikiombwa njia, hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini kwa mstari ulionyooka, na kumpeleka mtu huko. Haijui kwamba kati ya barabara hiyo na gesti kuna korongo la Mto Kiwira. Ukiwa na majengo yaliyo ukingoni mwa bonde, barabara ya ng'ambo yaweza kuwa mita 150 tu wakati ya kwako iko mita 300, na ramani itachagua ya ng'ambo.

Tiba ya kwanza ni ile ya kuweka pini getini na si juu ya paa la jengo kubwa. Mara nyingi hilo peke yake humaliza tatizo. Tiba ya pili ni kuiripoti barabara yako kama haipo kwenye ramani: katika Google Maps tafuta sehemu ya kupendekeza marekebisho, chagua barabara, eleza inapoanzia na inapoishia. Wakaguzi huchukua muda, na ombi la kwanza laweza kukataliwa. Ambatisha maelezo mafupi: inaanzia njia panda ipi, upana wake, inapitika na gari gani.

Kisha jaribu. Omba njia kutoka sehemu tatu ambazo wageni hutokea kweli. Kwa mtu wa Rungwe au Kyela, hizo ni Uyole, uwanja wa ndege wa Songwe na mpaka wa Kasumulu. Kwa mtu wa Makete jaribu kutokea Isyonje na pia kutokea Njombe, maana mgeni wa Kitulo huja kwa pande zote mbili. Kwa kambi za Ruaha jaribu kutokea Iringa mjini. Tazama kipande cha mwisho cha njia, kilomita 5 za kumalizia, na ujiulize kama Noah inapita hapo mwezi wa Machi.

Jaribio lenye uzito zaidi ni la dereva wa bodaboda asiyepajua. Mlipe, mpe simu yenye ramani, usimweleze kitu, na mtu wako akae nyuma bila kuongea. Kila mahali atakapositasita, hapo ndipo panahitaji kibao. Andika kilomita kutoka njia panda ya lami hadi kila kona kwa kusoma kipima kilomita cha gari. Namba hizo ndizo zitakazoingia kwenye maelezo yako.

Kwa wa Mufindi: barabara nyingi zinazoonekana nzuri kwenye picha ya satelaiti ni za ndani ya mashamba ya chai na misitu, na zina vizuizi. Ramani ikimpitisha mgeni huko, atarudishwa na mlinzi. Ripoti kwamba barabara hiyo ni ya binafsi, ili isitolewe tena kama njia ya mkato.

Kufungua ukurasa wa biashara

Kabla ya kufungua mpya, tafuta jina lako kwenye Google Maps, pamoja na majina ya zamani na namna mbaya za kuliandika. Huenda mgeni fulani alishaichomeka biashara yako miaka iliyopita. Ukikuta ipo, dai umiliki wake; usitengeneze ya pili. Kurasa mbili hugawanya maoni ya wateja, na mara nyingi ile yenye pini mbovu ndiyo yenye nyota nyingi.

Ukurasa ukiwa unashikiliwa na mtu mwingine, labda kijana aliyeufungua kisha akahama, tuma ombi la umiliki. Mwenye ukurasa hupewa siku 3 kujibu. Asipojibu, unaweza kupewa nafasi ya kujihakiki mwenyewe. Ukishaupata, ongeza mmiliki wa pili mwenye akaunti yake, mtu wa familia au mshirika mnayeaminiana. Simu ikitumbukia ziwani na neno la siri likipotea, huyo wa pili ndiye atakayekuokoa.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao, neno kwa neno. Usiongeze sifa kama bora, nafuu au karibu na Ruaha. Google husimamisha kurasa kwa jambo hilo.

Anwani ndiyo inayosumbua. Sanduku la posta halikubaliwi kama mahali pa biashara, hivyo S.L.P. iache kwenye barua. Andika jina la barabara na namba ya nyumba kama mfumo wa anwani za makazi umeshafika kwenu, la sivyo andika kitongoji, kijiji, kata na wilaya. Angalia mkoa: Makete na Ludewa ziko mkoa wa Njombe tangu 2012, wala si Iringa tena, Vwawa na Tunduma ziko Songwe tangu 2016. Ukiacha mkoa wa zamani, anayetafuta malazi ndani ya Njombe anaweza asikuone. Na jina la kijiji pekee halitoshi. Igoma ipo Mbeya na ipo Mwanza.

Aina ya biashara: chagua moja kuu inayosema ukweli, kisha unaweza kuongeza nyingine mpaka 9. Duka la pembejeo linalouza pia saruji liweke pembejeo kama aina kuu ikiwa ndiyo biashara yenyewe. Usijaze zote kumi kwa tamaa.

Saa za kazi zinaharibika kwa Kiswahili chetu kizuri. Sisi tunasema saa 2 asubuhi, mfumo unataka 08:00. Mtu akiandika 02:00 hadi 12:00, ramani itatangaza kwamba duka lake la Chunya linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa mchana. Ongeza au toa sita, kisha msomee mtu mwingine kwa sauti: saa 12 jioni ni 18:00.

Simu iandikwe kwa +255 ikifuatwa na tarakimu 9, bila ile sifuri ya mwanzo. Tumia laini inayoshika palepale kwenye biashara, hata kama si unayoipenda. Ikiwa mtandao hushika mlimani tu, weka namba ya mtu aliye mjini anayejua kujibu maswali ya njia.

Kama huna mahali pa kupokea wateja, mfano unachimba visima au unakodisha trekta Usangu, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia. Unaruhusiwa maeneo 20, na kwa kawaida yasipite mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka ulipo.

Video ya uhakiki

Siku hizi Google mara nyingi hutaka video iliyorekodiwa mfululizo bila kukatwa, isiyopungua sekunde 30. Inataka kuona mambo matatu: mahali ulipo, biashara yenyewe, na ushahidi kwamba wewe ndiye msimamizi.

Panga mwendo kabla. Anza barabarani ukionyesha njia panda, kibao cha kijiji, shule au kanisa la jirani, kitu kinachoweza kulinganishwa na ramani. Tembea hadi kibao chako. Kiwe cha kudumu, cha bati au mbao, kwani bango la kitambaa lililofungwa kwa kamba huleta mashaka. Fungua geti au mlango kwa ufunguo. Onyesha vyumba, rafu za bidhaa au mashine. Malizia mahali ambapo mteja hafiki: stoo, jiko la ndani, meza ya hesabu. Usirekodi nyuso za watu, vitambulisho wala namba za benki.

Kinachoangusha wengi wa vijijini ni kupakia. Video hurekodiwa na kutumwa ndani ya mchakato uleule, na mtandao ukikatika unaanza upya. Siku moja kabla, zunguka eneo lako na laini za kampuni mbalimbali uone ipi inapandisha vizuri na saa ngapi. Alfajiri huwa nafuu kwa sababu watumiaji ni wachache. Simu ya pili yenye laini nzuri zaidi iwekwe dirishani juu au kwenye mti, itoe mtandao kwa ile inayorekodi. Usizidishe dakika mbili. Majibu huja ndani ya siku 5 za kazi hivi. Ukikataliwa, usibadilishe jina, anwani na aina ya biashara kwa mkupuo mmoja. Mabadiliko mengi ya pamoja huzua uhakiki mwingine.

Maelezo yanayomfikisha mtu

Nafasi ya maelezo kwenye ukurasa wako wa Google ni herufi 750 pamoja na mapengo. Sifa za mandhari ziachie picha. Tumia maneno kueleza njia, hali ya barabara, malipo na umeme. Viungo vya tovuti na matangazo ya punguzo la bei havitakiwi hapo. Mfano wa kuiga mpangilio, ukijaza namba ulizopima mwenyewe:

"Nyumba ya wageni yenye vyumba 6, Matema, wilaya ya Kyela. Kutoka Kyela mjini pita Ipinda, fuata barabara ya Matema. Kibao chetu cha kijani kiko kushoto, kilomita __ baada ya Ipinda. Gari dogo linafika kiangazi. Januari hadi Aprili piga simu kwanza. Malipo ni taslimu au pesa kwa simu, kadi hatupokei. Umeme wa jua, kuchaji simu bure. Jaza mafuta na toa fedha Kyela kabla ya kuja."

Walio Tungamalenga waongeze sentensi moja: kijiji kiko nje ya hifadhi ya Ruaha, hivyo kulala hapo hakuhitaji kiingilio cha hifadhi. Mgeni asiyejua hilo huogopa bei na kupita.

Picha ziwe na upana na urefu wa angalau pikseli 720, zisizidi megabaiti 5. Ya kwanza kabisa kuipiga ni njia panda unakochepukia kutoka barabara kuu, kibao kikionekana. Ya pili ni geti. Vitanda na chakula vifuate.

Ramani nyingine

Watalii wengi wa magari na pikipiki hawategemei Google porini. Wanatumia Organic Maps au OsmAnd, ambazo hufanya kazi bila mtandao na huchukua data kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa 2004 ambayo yeyote aweza kuihariri. Marekebisho ya Google hayafiki huko. Fungua akaunti, weka mahali pako kupitia Organic Maps au Every Door, programu ya kuhariri ramani hiyo, jina na simu vikiwa vilevile. Barabara yako ichore kwa kurekodi njia kwa GPS ukiwa garini, na usinakili chochote kutoka Google, kwa kuwa leseni hairuhusu. Taja kwamba ni ya udongo, na kama kuna kivuko cha mto kisicho na daraja kiweke. Kivuko kilichokosekana kwenye ramani ndicho hukwamisha magari Februari.

Wenye iPhone wanaona ramani ya Apple; huko unajiandikisha bure kupitia huduma ya Apple kwa wafanyabiashara.

Kuangalia kila wiki, na zaidi kabla ya mvua

Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ukurasa wako, na mengine hupita bila wewe kujua. Kila Jumatatu fungua ukurasa ukiwa nje ya akaunti yako, kama mteja, uone pini, saa na simu. Mgeni aliyekuta geti limefungwa Machi anaweza kuripoti kwamba biashara imekufa. Ikitokea, ingia na uirudishe kuwa wazi. Kuzuia ni rahisi zaidi: ukifunga msimu wa mvua, weka mwenyewe kwamba umefunga kwa muda, na ukumbuke kuondoa siku unapofungua.

Maoni ya wateja omba wakati mgeni anaaga, na mpe karatasi yenye jina la biashara ili aandike atakapopata mtandao. Usitoe soda wala punguzo kwa nyota. Sheria za Google zinakataza. Anayelalamika kwamba alipotea, mjibu kwa kutaja kona aliyokosea na njia sahihi, kwa sababu jibu hilo litasomwa na anayefuata. Kisha nenda kwenye kona hiyo ukaangalie kama kibao bado kimesimama. Ifikapo Oktoba, kabla mvua hazijaanza, rudia jaribio la bodaboda na upige picha mpya ya njia panda, kwani greda likipita huweza kung'oa vibao na kuhamisha michepuko.